Akishinda ni Wetu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa mashine ya kusaga unga, na mguu wake mmoja ni tofali. Hapo ndipo dunia inapoendeshwa. Makocha wamefukuzwa kazi hapo, mawaziri wameapishwa na kutimuliwa hapo, na vita vya nchi za mbali vimemalizwa kabla kahawa haijapoa. Wenye benchi ni watatu: Fundi Viatu, anayeshona huku anasikiliza, Mwalimu, aliyestaafu kazi lakini hakustaafu kufundisha, na Spika, mwenye bucha la jirani, aliyepewa jina hilo kwa sababu sauti yake haina kitufe cha kupunguzia. Mama Kahawa ana kigoda chake pembeni, birika juu ya jiko la mkaa. Na siku hiyo, juu ya vichwa vyao, kwenye ngazi, alikuwapo mchora mabango wanayemwita Mzungu.

Mzungu huyo si mzungu, msije mkadanganyika. Mama yake alikuwa fundi cherehani wa mtaa huo huo. Baba yake alikuwa mhandisi wa kigeni aliyekuja kujenga daraja. Akalijenga, likaisha, akalivuka, akaenda zake. Mtoto akazaliwa nyuma ya mashine ya kusaga, akakulia hapo, na mvi zimemwotea hapo hapo. Lakini rangi yake ilifika mtaani kabla ya jina lake, na watu wakaona moja linatosha.

Kazi aliyopewa ilikuwa kumchora Bingwa ukutani. Bingwa ni yule binti wa mbio, baba wa hapa, mama wa ng'ambo, aliyeleta medali ya dhahabu juma lililopita, na tangu siku hiyo nchi nzima ikawa ndugu yake wa tumbo moja.

— We Mzungu! Ongeza weusi hapo shavuni, Spika akapiga kelele. Huyo ni binti yetu, siyo wa duka la vipodozi!

— Ukizidisha weusi mama yake atalalamika, Mwalimu akasema. Tia maziwa kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mwalimu, hiyo ni methali ya kuweka akiba.

— Na rangi haiwekwi?

Mzungu alikuwa amekwisha kuchanganya makopo hayo asubuhi nzima. Bingwa alianza akiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwa amri ya Spika akawa chai ya rangi. Kwa amri ya Mwalimu akarudi maziwani. Rangi yenyewe hasa alikwisha kuipata zamani. Alinyoosha tu mkono wake wa kushoto karibu na ukuta, akautazama, akachanganya, ikakubali mara moja. Hao wa chini hawakuuona mkono wala hawakuuliza.

Akawa anafuata amri zao bila kununa, kwa sababu siku hiyo alikuwa na shida nao. Alikuwa ameomba kugombea ujumbe wa mtaa, na kanuni ya mtaa inasema mgombea hajitaji mwenyewe. Lazima jirani mmoja asimame mbele ya karani, amtaje kwa jina lake kamili, aseme: huyu namjua, ni wa hapa. Basi. Fundi Viatu alikuwa ameahidi, tena kwa kugonga kifua. Karani angepita kabla ya ofisi kufungwa.

Mtu atauliza, ujumbe wa mtaa una nini cha kutamanika? Hauna mshahara. Una kugongewa mlango alfajiri na watu waliopigana kwa sababu ya kuku. Basi hicho ndicho alichokitaka. Umri wote ule hakuna aliyewahi kumgongea mlango aamue ugomvi, hata wa kuku. Uchaguzi uliopita alipojaribu, benchi zima lilicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mzungu, kagombee kwa baba yako!" Naye alicheka nao, kisha akaenda nyumbani akakosa hamu ya kula. Lakini sasa mambo yamebadilika, si ndiyo? Sasa machotara wanapendwa.

— Usiseme chotara, Mwalimu akamwonya Spika chini huko. Siku hizi ni neno baya. Sema mchanganyiko.

— Kama juisi?

— Kama juisi. Heshima.

— Haya, huyu Juisi wetu, Spika akaendelea, mnajua kwa nini ameshinda? Mimi nimekaa nikalifikiri jambo hili kisayansi. Uwanja wa mbio unazungukia wapi? Kushoto! Kwa hiyo mguu unaofanya kazi kwenye kona ni upi? Wa nje, wa kulia. Na mguu wa kulia mtu anaurithi kwa nani?

— Kwa nani? Fundi Viatu akauliza, sindano mdomoni.

— Kwa baba! Na baba ni wa wapi? Wa hapa! Kwa hiyo dhahabu ile ni ya kwetu yote. Ule mguu wa mama ulikuwa unasindikiza tu.

— Mwaka juzi alipoanguka, Mama Kahawa akasema akimimina, alijikwaa kwa mguu upi?

— Wa kushoto! Bila shaka wa kushoto!

— Maana nakumbuka ulisema arudi kwao akaanguke huko.

— Nilisema kwa uchungu wa mzalendo, Mama. Usinukuu mtu akiwa na uchungu.

— Aa, nimekuelewa. Akishinda ni wetu, akianguka ni wao.

— Umeona! Spika akafurahi. Hata Mama Kahawa anaelewa sayansi.

Mwalimu akakohoa kile kikohozi chake cha darasani. Kisayansi, alisema, Spika amekosea. Siri haimo miguuni, imo kwenye damu. Damu ya nchi za joto huchemka upesi. Damu ya nchi za baridi huganda. Ukizichanganya, ile ya baridi inaipoza ile ya moto, kama maji kwenye rejeta, na injini inakimbia bila kuchemka. Ndiyo maana yule mwimbaji mchanganyiko anaimba muda mrefu hachoki. Ndiyo maana yule golikipa mchanganyiko hapaniki.

— Golikipa alifungwa matano.

— Siku hiyo rejeta ilivuja. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

— Bingwa alikwenda pole?

— Alikwenda pole kwa haraka sana.

Fundi Viatu akaitoa sindano mdomoni. Yeye ndiye mwenye huruma kati yao, na huruma yake humjia polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

— Lakini jamani, maisha yao magumu. Kule kwa mama yake wanamwita mweusi. Huku tunamwita mweupe. Sasa dada wa watu apumzikie wapi?

— Kwenye ndege, Spika akasema.

— Nasema kweli. Mlimsikia redioni? Mtangazaji anamwambia sema neno hili, sema lile, halafu studio nzima inacheka lafudhi yake. Yule aliyeshika nafasi ya pili aliulizwa anafanyaje mazoezi. Bingwa akaulizwa, wewe hasa unajisikia wa wapi? Mtu hata pumzi hajavuta!

— Na yule msoma habari wa runinga, Mama Kahawa akadakia. Nchi ina mafuriko, watu wanabishana zile nywele ni zake au za dukani.

— Ni zake?

— Spika!

— Nauliza tu. Kwa upendo.

— Sisi tunawapenda, Mwalimu akatangaza. Mtaa huu haujawahi kuwa na ubaguzi. Mcheza kwao hutunzwa!

Wote wakaitikia, na vikombe vikagongana kusherehekea wema wao. Mzungu juu ya ngazi akaanza kulichora jicho la kwanza. Alijisikia vibaya, na akajikasirikia kwa kujisikia vibaya siku ambayo alitakiwa kuwa mwema.

— Tumuulize Mzungu anaonaje, Mama Kahawa akasema.

— Ah, mwacheni achore, Spika akajibu. Mambo haya yeye hayamhusu.

Mwalimu akawa ameshika kasi. Akawatajia majina yote matatu ya Bingwa, na la babu yake, na la bibi mzaa baba, na kijiji alikozikwa huyo bibi, na namba ya kiatu cha Bingwa, ambayo Fundi Viatu akaithibitisha kitaalamu. Spika akaongeza jina la mbwa wa Bingwa. Hakuna lililobaki kujulikana kuhusu binti huyo, ambaye hajawahi kukanyaga mtaa huo hata kwa bahati mbaya.

Ndipo alipotokea karani. Alikuwa mwanamke kijana, mgeni kazini, amebeba faili kifuani na vumbi miguuni. Akasalimia vizuri, shikamoo kwa kila mkubwa, akakataa kahawa kwa adabu.

— Natafuta jirani wa kumthibitisha mgombea wa ujumbe. Mchora mabango anayekaa nyuma ya mashine.

— Huyo hapo juu! Spika akanguruma. Wa kwetu kabisa!

Mzungu akageuka kwenye ngazi. Akaushika ukuta, na vidole vikaacha alama kwenye shingo ya Bingwa.

Fundi Viatu akasimama, akakung'uta vipande vya ngozi mapajani, akavua kofia. Alisimama vizuri, lazima tumpe haki yake.

— Mimi ndiye jirani yake. Namjua tangu tukiwa wadogo. Ni mtu mwema, hagombani na mtu, na ni wa hapa.

— Asante sana, mzee wangu. Anaitwa nani?

Fundi Viatu akaitazama ile kofia kama imeandikwa kitu ndani.

— Anaitwa... sisi hapa tunamwita Mzungu.

— Hilo si jina, mzee. Jina lake.

— Jina lake, eh. Jina lake lipo. Mwalimu, wewe si ulimfundisha?

— Nilimfundisha! Mwalimu akasimama naye. Darasa la nne. Alikuwa anakaa nyuma, dirishani. Mwandiko mzuri. Nilikuwa nikimwita... nilikuwa namwambia, wewe mweupe, futa ubao.

— Spika? Fundi Viatu akauliza.

— Mimi huwa namuuzia nyama. Mtu haulizwi jina kwa nusu kilo.

— Mama yake namjua, Mama Kahawa akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. Nilimuuguza, nikamwosha, nikamzika. Rafiki yangu yule.

— Basi, mama, alikuwa akimwita mwanawe nani?

Mama Kahawa akafikiri. Akafikiri mpaka macho yakamjaa machozi.

— Sisi tulikuwa tukimwita Mama Mzungu, akasema. Sikumbuki yeye alikuwa akimwita nani.

Mzungu akafungua kinywa huko juu. Jina lilikuwa limefika mwisho wa ulimi. Karani akainua kiganja.

— Samahani sana, kaka. Ukijitaja mwenyewe ni bure. Jina ninalo, umeandika mwenyewe. Nahitaji kulisikia kwao.

Kijiwe kile kilichowahi kumpa rais wa nchi nyingine jina la utani kwa dakika moja, hakikuwa na neno. Karani akasubiri kwa muda wa heshima, akaangalia upande wa ofisi, akaangalia jua. Kisha akamwomba radhi yule aliye kwenye ngazi, yeye peke yake, akaaga, akaenda zake. Mgombea mwingine, shemeji yake Spika, akawa amepita bila kupingwa.

— Kanuni za kijinga! Spika akapasuka. Mtu tunaishi naye miaka yote hii! Usijali, Mzungu. Sisi tunakujua.

Mzungu akashuka, kidato kwa kidato. Akasuuza brashi, akaikung'uta, akafunga makopo. Fundi Viatu alikuwa bado amesimama na kofia mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

— Ndugu yangu, akasema kwa sauti ndogo. Nisamehe. Kwani unaitwa nani?

Akawaambia. Alilitaja lote, la kwake, la babu yake mzaa mama, na la ukoo, polepole, kama mtu anayewasomea walioketi mbali. Halikuwa jina la ajabu. Kwenye mtaa ule wapo wanne au watano wanaoitwa hivyo hivyo, na mmoja wao ni mtoto wa Spika.

Spika akacheka, akapiga paja kwa furaha ya kweli, bila ubaya wowote.

— Kumbe jina lenyewe la kwetu!

— La kwetu, ndiyo, akajibu.

Akabeba ngazi yake begani, akaenda nyumbani, na Bingwa akabaki ukutani na jicho moja.