Mama Vihisi na Fanksheni Zake Arobaini na Tatu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili kazini, Mama Vihisi anastaafu. Kwenye faili lake la utumishi ana jina refu la heshima, lakini ukiliulizia getini, mlinzi atakuambia hamjui mtu huyo.

Alianzia kwenye meza ya kulehemu, akiunganisha nyaya za vihisi vya joto, yaani vifaa vya kupima joto vinavyofungwa katika vyumba vya baridi vya kuhifadhia dawa. Mhandisi wa wakati ule aliondoka ghafla, akaacha programu nusu na kitabu kisicho na jalada cha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mama alikisoma wakati wa mapumziko ya mchana, mkate mkono mmoja, penseli mkono wa pili. Mwaka haujaisha, vihisi vikawa vinasoma joto kwa programu yake, na waliomcheka mwanzoni wakaanza kupanga foleni mezani kwake.

Kila fanksheni aliyoandika, yaani kila kipande cha programu kinachofanya kazi moja, aliifungulia kadi: inapewa nini, inajibu nini, na nani ataachia nafasi iliyochukuliwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikishatumika. Hilo la mwisho alitufundishia jikoni: aliyechukua kikombe ndiye atakayekiosha. Wakurugenzi wawili wameosha vikombe mbele yake, na hakuna aliyethubutu kununa.

Miaka mitatu iliyopita, sisi vijana wa programu wa chumba cha pili tuliamua kwamba C imepitwa na wakati. Tulitaka kuandika kila kitu upya kwa Python, lugha nyingine ya kompyuta, na kuzifuta fanksheni zake zote arobaini na tatu. Kikaoni Mama hakupandisha sauti. Aliomba wiki mbili tu za kujaribu Python iziite na kuzitumia fanksheni zake za C kama zilivyo. Ikishindikana, atazifuta kwa mkono wake mwenyewe. Wote tulijua kwamba alichokiweka rehani ni kazi ya maisha yake.

Siku ya kwanza ya majaribio, friza lililopaswa kuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri lilionyesha nyuzi 65,518. Jua lenyewe lingeomba feni. Mwandishi wa wasifu huu, kwa kiherehere chake, akatangaza kwamba vihisi vya Mama vimekufa, akapanda ngazi na kuvifungua vyote kumi na kimoja ukutani. Mama alikuja taratibu, akaitazama namba ile, kisha juu ya boksi la karatasi akaitoa kwenye 65,536, mahali ambapo namba za aina hiyo huanza upya. Ikabaki kumi na nane. C ilikuwa imejibu sawasawa. Mwandishi ndiye aliyeiambia Python kwamba jibu haliwezi kushuka chini ya sifuri. Kadi ilieleza wazi kwamba linaweza. Kadi yenyewe ilikuwa mezani kwa mwandishi, imekaliwa na kikombe kichafu.

Mstari mmoja ukarekebishwa, namba zikatulia, fanksheni zikapona. Adhabu ilikuwa nyepesi: mwandishi alivirudisha vihisi vyote mwenyewe, Mama akimshikia ngazi na kumsimulia habari za wajukuu. Baadaye Mama alijifunza hiyo Python akatupita, na siku hizi ndiye anayetusahihisha.

Mumewe, mwalimu mstaafu, anasema amemsubiri miaka minne wapake rangi jikoni. Anadai yeye ndiye kitu pekee nyumbani kisichofungwa kihisi, na hana hakika kama hali hiyo itadumu.

Juu ya kila fanksheni yake kuna mstari wa tangu zamani: ukikwama, piga simu, kisha namba ya meza yake. Alhamisi iliyopita tulikuta ameibadilisha kote, mara arobaini na tatu, bila kumwambia mtu. Ameweka namba ya meza ya mwandishi. Mwandishi alilengwalengwa na machozi, wala haoni haya kulisema.

Mama, asante kwa subira yako na kwa kutushikia ngazi. Nenda kwa heri, afya njema ikuandame, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Simu ikilia, nitapokea mimi.