Fundi Toihir, Aliyewapa Wadogo Neno la Kwanza

Baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha falsafa, Moroni na Mutsamudu, Fundi Toihir Combo, maana kwetu mwalimu huitwa fundi, anastaafu tarehe 30 Juni 1990.

Alianza hapa Moroni mwaka 1964, kijana mwembamba kutoka Patsy, na watu wa mtaa wa Magoudjou walimcheka kwa Kindzuani chake, lahaja ya kisiwa chao. Somo alilolipenda linaitwa fenomenolojia. Neno hilo limenishinda mara nyingi kwenye mashine ya kupiga chapa, lakini mwenyewe alilieleza kijikoni: tazama kitu kinavyokujia, kabla hujasema ulichoambiwa juu yake. Na kwa kuwa hakuna aonaye pande zote za sufuria akiwa amekaa mahali pamoja, tunahitajiana. Demokrasia, alisema, inaanzia hapo.

Kwetu bangweni, uwanjani pa wakubwa, aliyetimiza ndoa kubwa, arusi ya kimila impayo mtu heshima ya mkubwa, husema kwanza na kijana husubiri. Fundi aliligeuza hilo. Mikutano ya walimu aliianza kwa wa chini. Siku moja alianza na mimi, mpiga chapa, mtoto mgongoni. Nikasema chumba kinanuka rangi. Wakubwa wakacheka, kisha wakafungua madirisha.

Mwaka 1983, zama za mamluki wa kigeni walioshika nchi yetu kwa bunduki, alikuwa akifundisha Mutsamudu. Mkaguzi aliingia darasani mwake na askari. Fundi alikuwa ameweka birika mezani, akimuuliza kila mwanafunzi anaona nini kutoka alipokaa. Ikafika zamu ya Hadjira, mdogo wa wote, na askari amesimama mbele yake.

"Mimi kutoka hapa naona bunduki tu."

Mkaguzi akataka msichana atolewe. Fundi akasema msichana amejibu swali aliloulizwa.

Baadaye wanafunzi waliambiwa mwalimu wao ameomba uhamisho. Hakuomba. Mzee Mouhidine, mkuu wao wakati ule, amenieleza: Fundi aliambiwa achague, msichana afukuzwe au yeye aache darasa. Akarudi Moroni kutunza ghala la vitabu, miaka mitatu bila chaki, akiimba humo vibaya mpaka tukamfungia mlango. Hadjira akamaliza shule. Leo ni mwalimu mwenzetu, na mpaka anaposoma hapa alikuwa hajui.

Fundi aliniomba hili nisiliandike. Nimemtii katika mengi. Katika hili nimekataa.

Asante, Fundi wetu. Mola akupe afya, usingizi mnono na majirani wema huko Patsy. Na Hadjira akija kukushukuru, usimkimbie.