Bernadine Kaczmarek, Mtetezi wa Bolingi Aliyeshindwa Dau

Baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi katika Ukumbi wa Bolingi wa Zielinski, hapa upande wa kusini wa Milwaukee, Bi Bernadine Kaczmarek anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 31 Mei.

Alianzia kaunta ya kukodisha viatu vya kuchezea, akapanda hadi kuwa msimamizi wa ligi zote. Anaijua miguu ya mtaa mzima. Padri wa parokia aliwahi kumwomba viatu vidogo kuliko miguu yake. Bernadine akamnyima, akamkumbusha kwamba uongo ni dhambi hata kwenye saizi.

Ila kilichompa jina ni ugomvi mmoja. Bernadine aliamini bolingi inastahili kuwemo katika Olimpiki. Kila michezo hiyo ilipoanza, alisimama mbele ya runinga ya baa ya ukumbini, akatuzibia wote, akiuliza inakuwaje farasi acheze dansi mbele ya dunia nzima, na mtu anayeangusha pini kumi kwa tufe moja aambiwe anapoteza muda.

Mpinzani wake alikuwa Bwana Harlan Oestreich, kocha mstaafu wa mieleka, aliyekuja kila Ijumaa kula samaki wa kukaanga. Yeye alishikilia kwamba mchezo unaochezwa bia ikiwa mkononi si mchezo, ni mapumziko. Wakawekeana dau: Harlan acheze ligi jioni nzima, akiamka kesho yake bila kuumwa mkono, akaweza kuvaa koti bila kusaidiwa, Bernadine asiitaje tena Olimpiki.

Kesho yake Harlan aliingia na koti lake, vifungo vyote vimefungwa hadi cha shingoni.

Bernadine akanyamaza. Tulidhani hatafika saa sita mchana. Akavuka kiangazi, akavuka theluji, na Olimpiki ikaja ikapita yeye akifuta viatu. Baa ilipoa, hata samaki wakakosa ladha.

Aliyeumia zaidi ni Harlan. Jioni ile moja ilikuwa imemnasa. Akajiunga na ligi ya Alhamisi, na kila Alhamisi Bernadine akamshinda bila neno. Kisha waandaaji wa Olimpiki wakaitisha kikao Chicago kusikiliza wanaoomba michezo yao iongezwe. Tulimsihi Bernadine akaseme. Akatikisa kichwa: dau ni dau. Basi akapanda jukwaani Harlan.

"Nimefundisha mieleka maisha yangu yote," aliwaambia. "Sasa huyu mama mwenye nyonga mbovu ananichapa kila wiki. Kama huu si mchezo, nielezeni mimi huwa nashindwa nini."

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi. Bolingi haikuchaguliwa.

Tukiwa garini kurudi, Harlan, mnyonge kabisa, akamwambia Bernadine kuwa dau limefutwa, aseme analotaka. Sisi wa kiti cha nyuma tukajiandaa. Bernadine akajifuta macho.

"Umetusemea vizuri, Kocha," akasema. "Ila hiyo ya nyonga ungeiweka mwisho."

Akaendelea na marekebisho mengine mpaka Milwaukee. Harlan aliendesha polepole makusudi.

Bi Bernadine, asante kwa kuuheshimu mchezo huu kabla wakubwa hawajauheshimu. Nyonga mpya utakayowekewa Julai ikupokee vyema, afya isikupungukie, na huko nyumbani uendako usikose wa kubishana naye. Tunaambiwa Harlan amekwisha nunua kiti chake cha kuweka huko kwako.