Tofi za Krismasi za Maximilla Navalayo

Wazee wa boma hili, wachungaji, majirani wa Navakholo, jamaa zetu mliotoka Mautuma alfajiri, na nyote mliokuja kumsindikiza mama yetu leo Jumamosi, tarehe 29 Novemba 2025, mimi ni Mitchel Muhonja, mtoto wake wa pili, nami nimesimama hapa kusoma maisha yake, kazi ambayo ingefanywa na kaka yangu Sydney kwa kuwa ndiye mkubwa, lakini nilimwomba aniachie, na mtajua sababu kabla sijaketi.

Mama Maximilla Navalayo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966 huko Mautuma, Lugari, akiwa mtoto wa nne kati ya wanane wa marehemu Mzee Mathew Osiako na marehemu Mama Truphosa, waliopata ekari zao za mahindi katika shamba lililokuwa la Mzungu. Kabla ardhi haijagawanywa bibi yetu alikuwa akifanya kazi katika jiko la shamba hilo, na huko ndiko alikojifunza kupika tofi, akamfundisha Mama angali mdogo wa kupanda juu ya kigoda ili aone ndani ya sufuria.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1973 hapo hapo Mautuma, akamaliza la saba mwaka 1979, akaendelea hadi kidato cha pili, kisha akakaa nyumbani miaka miwili akisaidia shambani, na mwaka 1984 akaenda chuo cha Sigalagala kusomea upishi. Januari 1986 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule moja ya bweni ya wasichana, akaamka kuwasha moto wa uji wa wasichana hao kwa miaka thelathini na sita, hadi alipostaafu Aprili 2022 kwa sababu ya miguu kuvimba.

Kila Desemba shule zilipofungwa alipika tofi za Krismasi, na wanawake wengi mlioketi hapa mlifundishwa naye, vikombe viwili vya sukari, kimoja cha maziwa, siagi ya ukubwa wa yai na chumvi ya kushikwa kwa vidole viwili, vyote kwenye sufuria nzito juu ya makaa yasiyo makali, ukoroge bila kuondoka mpaka rangi ifanane na chai iliyokolea, udondoshe tone kwenye maji baridi, likiganda kama gololi ujue ziko tayari, umwage kwenye sinia lililopakwa siagi na kukata kabla hazijapoa. Aliyemwambia ni kazi ngumu alijibiwa, "Si ngumu, ila haitaki mtu wa kuzurura."

Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989 na baba yetu, marehemu Francis Osundwa, aliyekuwa fundi katika kiwanda cha sukari, akaletwa katika boma hili, wakajaliwa watoto watatu, Sydney aliyezaliwa mwaka 1990, mimi mwaka 1996, na Awinja mwaka 2004.

Wapendwa, hapa ndipo historia ya Mama ilipoharibiwa, na aliyeiharibu ni mimi.

Jumanne tarehe 23 Desemba 2008, yapata saa tisa alasiri, Mama alikuwa akipika tofi jikoni kule mnakokuona nyuma ya hema, sufuria ikiwa kwenye jiko la makaa lililowekwa chini, sukari ikiwa tayari imeanza kubadilika rangi, akakumbuka kwamba sinia lake kubwa liko kwa jirani, Mama Pascalia. Akanipa mwiko mkononi, nikiwa na miaka kumi na miwili, akaniambia, "Mitchel, koroga, na usimwache Awinja asogee hapa, narudi sasa hivi." Nikaitikia. Hakuwa amevuka hata shamba la miwa nilipomsikia rafiki yangu akiniita kutoka kwenye ua, alikuwa amenunuliwa viatu vya Krismasi, nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikaenda kuvitazama, nikavijaribu mguu mmoja, kisha wa pili.

Kilichonirudisha ni sauti ya Awinja, aliyekuwa na miaka minne, na alikuwa ameuvuta ule mwiko ili aulambe.

Sitawaeleza nilichoona. Mama alifika mbio akiwa na sinia, akalitupa, akambeba mtoto hadi kwenye maji, na muda si muda boma likajaa, Baba akaja, na shangazi zetu wakaja, na Baba akauliza kwa sauti, "Nani alikuwa na sufuria?" Mama alikuwa ameinama juu ya Awinja, hajainua kichwa, nami niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nikasema, "Mama."

Mama akainua kichwa akanitazama, kisha akamgeukia Baba, akasema, "Ni kweli, ni mimi, nilitoka kidogo."

Awinja alilazwa wiki tano, akapona, ila mkono wake wa kushoto na shingo vikabaki na alama anazozibeba hadi leo, na maneno yakaanza hapa nyumbani, kwamba mwanamke wa Lugari amemchoma mtoto kwa sababu ya peremende, kwamba mpishi wa watoto wa watu hawezi kuwaangalia wake. Februari 2009 alirudishwa kwao Mautuma, akawa huko miezi minane, akisafiri kila siku ya kazi kutoka mbali vile, nami nikala chakula cha bibi, mama yake Baba, nikaenda shule, nikaimba kwaya, nikanyamaza. Oktoba Baba alimfuata akamrejesha.

Desemba iliyofuata alipika tena tofi, akazifunga vipakiti, akamtuma Sydney azigawe kwa kila nyumba ya boma hili, na vyote vikarudi jioni ile ile bila kufunguliwa, vikawekwa mezani mbele yangu. Mama alivihesabu, akasema tu, "Basi tutavipeleka kanisani," na tangu mwaka ule alizipeleka kanisani, boma hili hakuligawia tena.

Nilikuwa na nafasi nyingi za kusema. Mwaka 2017 Baba alipofariki angali akiamini ni Mama, ningesema kabla hajazikwa. Mwaka 2019 Awinja, akiwa na miaka kumi na mitano, alichekwa shuleni kwa sababu ya shingo yake, akafika nyumbani akamfokea Mama, "Ungekuwa unaniangalia nisingekuwa hivi!" Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji, na Mama akamjibu, "Nisamehe, mwanangu," nami nikapita na ndoo yangu nikaenda kuosha vyombo.

Kuhusu ugonjwa, Mama aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu mwaka 2020, moyo ukaanza kushindwa mwaka 2024, akalazwa mara tatu mjini Kakamega, mara ya mwisho kuanzia tarehe 30 Oktoba mwaka huu. Jumapili tarehe 9 Novemba nilikwenda wodini nikiwa nimeazimia kumwomba msamaha, nikakaa kitandani pake, nikasema, "Mama, kuna kitu cha siku ile," na yeye akanishika kidole kama anayenyamazisha mtoto, akasema, "Krismasi iko karibu, utapika tofi?" Nikamwambia nitanunua za dukani, maana tangu siku ile sijawahi kusimama mbele ya sufuria ya sukari. Akacheka kidogo, akasema, "Za dukani hazina maziwa," akalala. Nilishukuru kwamba amelala, na hilo ndilo linalonitafuna zaidi, kwamba nilishukuru. Alifariki Jumanne tarehe 18 Novemba 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, nikiwa bado njiani.

Jumatano wiki hii, tukichambua mchele wa wageni, nilimwambia Mama Pascalia kila kitu, na yeye hakushangaa. Alisema siku ile alimfuata Mama nyuma akiwa na mfuniko wa sinia, akaniona nikivua viatu kwenye ua, na baadaye alimfuata hadi Mautuma akamuuliza kwa nini anabeba kosa lisilo lake, na Mama akamjibu kwa maneno haya, nimemwomba Mama Pascalia ayarudie ili niyaandike sawasawa: "Mimi wakinifukuza, nina kwetu. Huyu mtoto wakimchukia, kwao ni huko huko, ataenda wapi?"

Jana nilimwambia Awinja, Sydney akiwepo. Aliushika mkono wake, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nikimkasirikia mtu ambaye hakunikosea?" Nikasema ndiyo. Nikamwomba msamaha, akasema, "Msamaha sina leo. Lakini hayo usiniambie mimi peke yangu, uyasome mbele ya watu wote waliomsema." Ndiyo maana nimesoma.

Shangazi zangu, mlisema mlichosema kwa sababu niliwadanganya, kosa si lenu, ila nawaomba mkipita kumuaga leo msimwite aliyemchoma mtoto, kwa kuwa hakumchoma. Awinja, hukuachwa na Mama, uliachwa na mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, walioketi naye hadi dakika ya mwisho wakati mimi sikuwepo, inawashukuru wapishi wenzake waliokuja na masufuria yao wakatupikia tangu Jumatatu bila kuombwa, inawashukuru kina mama wa kanisa, majirani waliotupatia viti, kuni na maji, na kwa namna ya pekee Mama Pascalia, aliyeitunza siri ambayo haikuwa yake.

Ameacha watoto watatu, wajukuu wawili, na ndugu watano.

Mama, nilitaja jina lako nikiwa na miaka kumi na miwili, nawe ukaitika. Nimechelewa kulitoa katika kosa langu, na hunisikii. Lala, Mama, upumzike kwa amani, na Mungu akupe utulivu ambao sisi hatukukupa nyumbani kwako.