Darubini ya Don Evelio

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mkuu wa Hifadhi yetu ya Taifa, Padre Anselmo, uliyeupanda mlima huu na goti lako bovu, waongoza wageni wenzangu, akina mama mlioamka mapema kufunga tamale za unga wa mahindi kwenye majani ya mgomba, ndugu wageni waalikwa, na ninyi msioalikwa mliokuja kutazama ndege mkakuta watu wazima wana macho mekundu: habari za asubuhi.

Nimesimama hapa kama mwenyekiti wa chama cha waongoza wageni wa bonde la Santa Rufina. Niliambiwa niseme maneno mafupi na ya furaha. Mafupi nitajaribu. Furaha, mnisamehe, sikuamka nayo. Leo tunamuaga Don Evelio Quirós, mkubwa wetu katika kazi hii, ambaye anahamia San José kwa binti yake Marielos, ghorofa ya nne, kwa sababu macho yake yamekwisha. Hilo ndilo lililotukusanya, na sioni kwa nini tulizunguke kama paka na uji wa moto.

Ninyi vijana mnaiona bustani hii na miparachichi-mwitu yake mnadhani iliumbwa pamoja na mlima. Hapa palikuwa malisho. Kabla ya malisho palikuwa msitu wa mialoni, na msitu huo tuliuchoma mkaa sisi wenyewe: baba yangu, baba yake Don Evelio, na Don Evelio mwenyewe akiwa na shoka begani. Kisha siku moja akaacha. Akauza ng'ombe, akaanza kupanda miti ambayo matunda yake hayaliwi na mtu. Tulimcheka sana. Marehemu mume wangu alisimama pale kwenye ua akamwuliza, "Evelio, huo mti utaukamua saa ngapi?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Ukishakua, wewe utaleta ndoo." Mume wangu aliishi kuona wageni wanapanga foleni chini ya mti uleule, na kweli alileta ndoo, ya kuwanawishia mikono kabla ya chakula. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bonde zima limepona kwa miti ya mtu mmoja tuliyemwona hamnazo.

Maana matunda yale ndiyo yanayomshusha ndege wetu ketsali kutoka msitu wa juu. Nani hapa asiyemjua? Mgongo wa kijani, kifua chekundu, mkia mrefu kuliko mwili wake. Na nani hapa hakufundishwa na Don Evelio namna ya kumwonyesha? Yeye ndiye aliyetuwekea desturi kwamba anayemwona ndege kwanza hapigi kelele wala hanyooshi kidole. Anagonga fimbo chini mara mbili, polepole, na sisi wengine tunageuza darubini zetu upande aliko, bila choyo, hata kama wageni si wetu. Mabonde mengine waongozaji hufichana ndege. Hapa hatufichani, na aliyetulea hivyo ni huyu aliyekaa kiti cha mbele na kofia magotini.

Sasa niwaambie habari ya Doña Amparo, ambaye huja kila mwaka kutoka mjini na wajukuu zake na sufuria ya wali na maharage. Msimu uliopita Don Evelio alimwekea darubini, akamwambia, "Tazama, mama, dume huyo, ametulia." Doña Amparo akainama, akatazama kwa muda, akasema, "Mzuri kweli, Don Evelio. Mungu akubariki." Akawazuia wajukuu wasitazame. Kisha akanifuata mimi kwenye bomba la maji akaninong'oneza, "Doña Hortensia, darubini ile inatazama jani. Ndege namsikia, lakini yuko kando kabisa. Usimwambie." Nikamwambia sitamwambia, nikanawa uso mara mbili ili nisirudi nikilia.

Tangu siku hiyo hakuna kikao kilichokaa wala azimio lililopitishwa, ila darubini ya Don Evelio haikukosa ndege tena. Aliye karibu alipita kama anatafuta kofia yake, akaisogeza kidogo. Wílmar, kijana wetu mdogo kuliko wote chamani, alikuwa akisema, "Don Evelio, lete nikubebee, mimi nina mgongo mpya." Naye anamjibu, "Mgongo mpya na kichwa ambacho bado hakijafunguliwa kwenye boksi." Tukacheka, tukaendelea. Tulijiona wajanja.

Marielos, mwanangu, najua wapo wanaokusema kwamba unamng'oa mzee. Waache waseme. Hawakuwapo siku alipolikosa daraja la magogo tukamtoa kijitoni akiwa anatetemeka, huku akituuliza kama darubini imevunjika. Wewe ni mtoto mwema. Lakini acha niseme kweli mbele ya Padre: inaniuma. Inaniuma kwamba miti imezaa watu wote wakaona, isipokuwa aliyeipanda. Na inaniuma zaidi kwamba mwaka huu, mwaka wake wa mwisho, mvua zimechanganyikiwa, miti haikuzaa, na ketsali hawakushuka. Don Evelio hakuomba sherehe. Hakuomba hata kibao hiki, Mheshimiwa Meya, ingawa tunakushukuru kwamba herufi zake zimechongwa, maana nilimwona akizipapasa. Aliomba kitu kimoja tu: amsikie ketsali tena kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo leo alfajiri tulimleta bustanini, sote. Tukasubiri. Ukungu ukapanda, ukashuka, kimya. Kisha kule nyuma ya majani tukasikia mluzi, laini, wa dume hasa. Mimi nilishika mdomo. Don Evelio akainua uso, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wílmar, toka humo mwanangu, utapata kikohozi."

Kijana akatoka ameloa mpaka magoti, hana pa kuuweka uso. Mzee akamshika mkono, akasema, "Umejifunza vizuri. Ila yeye havuti pumzi katikati." Halafu akatugeukia sote. "Na ninyi. Naiacha darubini imeangalia chini, naikuta imeangalia juu ya mti. Mlidhani nimepofuka mikono pia? Niliwaacha kwa sababu nilipenda kusikia mnavyonyata."

Don Evelio, nakuomba radhi kwa yote ambayo chama hiki hakikuweza. Mvua hatuiamrishi. Ndege hatumwiti. Wewe ndiwe uliyetufundisha hivyo, na leo ndiyo mara ya kwanza nimetamani ungekuwa umekosea.

Mheshimiwa Meya, ratiba inasema sasa ni makofi. Naomba turuhusiwe kuyaacha. Chini ya miti hii hatupigi makofi, na mzee huyu hajawahi kuyapenda. Marielos, tafadhali zima gari. Akina mama, sufuria zitulie kidogo. Nawashukuru nyote mliokuja, nawashukuru kwa masikio yenu mliyonipa. Sasa nataka tumpe yeye, kwa muda wote anaoutaka, kabla hajapanda gari hilo.

Don Evelio, fimbo yako iko mkono wa kulia. Wenzako wote wako nyuma yako, na darubini tumezileta. Ukisikia chochote, gonga mara mbili kama kawaida, tutageuza tutazame huko. Na tukikuta jani, tutakuambia ni mzuri kweli.