Gari Linaloinama Kivukoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyekuja kutufungulia kituo hiki cha kuchajia. Shehe wetu na Mchungaji wetu, mliotutangulia kwa dua na sala. Ndugu Alexander, Meneja wa kampuni iliyotuuzia magari. Wazee wangu wa Mabawa, shikamooni. Wamiliki wenzangu wa magari ya umeme wa Tanga na Pangani. Ndugu wageni waalikwa: Assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Kwa wasionijua, naitwa Yudith, mpishi wa shughuli. Kama umekula pilau ya harusi mjini hapa na tumbo halikukuuma, huenda niliipika mimi. Wamiliki wenzangu wamenichagua kuwa mwenyekiti wao kwa sababu moja, na wameniambia bila haya, kwamba nina mdomo. Leo nimepangiwa kutoa neno la shukrani. Kampuni, kwa wema wake, imeniandikia hata maneno yenyewe, nami nimeyasoma nikayakunja, maana pilau yangu siipiki kwa mkono wa jirani.

Shukrani zipo, nazo ni za kweli. Magari haya hayana kelele, hayanuki mafuta, na masufuria yangu yanafika Pangani bila kumwaga tone la mchuzi. Laiti mngetuachia yalivyokuwa.

Kisha ikaja programu mpya ya kuongoza shokapu. Haikubisha hodi, ilishuka kwenye magari yetu kwa mtandao, tukaikuta imo. Tangu hapo, ukifungua mlango wa abiria gari linashuka chini, ili mtu aingie na kutoka bila taabu. Mama mkwe wangu, mwenye goti bovu, alisema gari hili lina adabu kuliko wajukuu zake, linainama kama mwali anayemwamkia mkwewe. Tatizo ni kwamba likishainama haliinuki tena mpaka likimbie mwendo wa kilomita thelathini kwa saa.

Sasa Mheshimiwa, wewe umeuvuka Mto Pangani mara nyingi. Tukifika kivukoni tunafanyaje? Abiria wote wanashuka, wanaingia kwa miguu, na dereva analipandisha gari peke yake, polepole. Ndiyo desturi na ndiyo usalama wenyewe. Walioitunga programu ile hawakulijua hilo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wao walidhani kila anayeshuka garini amefika aendako.

Ndugu yetu Sabiri, yule pale mwenye kanzu, alikuwa akiwapeleka mama zetu kwenye hitima huko Mwera. Kivukoni wakashuka, gari likainama. Maji yalikuwa yamekupwa, njia ya kupandia imekuwa na mwinuko, naye Sabiri akapanda taratibu kama inavyotakiwa. Chuma cha ukingo wa kivuko kikalipiga gari tumboni, pale pale betri ilipolala. Alishuka akachungulia, hakuona kitu. Walipofika ng'ambo ya Bweni akalitoa gari, na kabla hajafika mbali moshi ukaanza kufuka chini ya viti. Aliwahi kuruka. Gari likaungua lote, na mama zetu walikuwa bado wanakuja nyuma kwa miguu. Bi Mboni, mmoja wao, kila tukionana hunishika mkono na kuniambia, "Yudith mwanangu, tungekuwa tumekaa mle."

Sabiri akaenda kudai waranti ya moto, ile mliyotusifia sana siku ya kununua. Akajibiwa kuwa waranti ni ya moto unaoanza wenyewe ndani ya betri, si ya moto unaotokana na kugonga. Ndugu Alexander, nilikuwepo, kwa hiyo usinikanushe. Ulimuuliza, "Kwa nini hukusubiri gari liinuke kwanza?" Na Sabiri, mtu mpole kuliko mimi, akakujibu, "Bosi, liinuke kwa mwendo wa thelathini? Niingie nao kwenye kivuko chenye watu?" Ukasema utalipeleka swali makao makuu. Swali lilikwenda, nasi huku tukaiondoa programu ile kwenye magari yetu, na badala ya jibu tukaletewa masharti mapya, kwamba atakayekataa kurudishiwa programu hii, waranti yake ya moto imekufa.

Maana yake nini, ndugu zangu? Ukiikubali, gari litainama ligonge, na moto wa kugonga haulipwi. Ukiikataa, hulipwi moto wowote. Mimi mpishi nimeona mengi, lakini sijawahi kumwekea mgeni sahani mbili, zote tupu, halafu nikamwambia achague.

Na leo tulitakiwa tuyapange magari yetu pale mbele, turudishiwe programu mbele ya kamera, tupige makofi. Mheshimiwa, tupia jicho dirishani. Uwanja umechorwa mistari mizuri, na hakuna gari. Wenzangu wameyaacha nyumbani, wamekuja kwa bajaji. Asije mtu akasema tunapinga maendeleo. Sisi ndio tulioyanunua magari haya huku majirani wakitucheka, wakituuliza tutayachaji kwa kibatari. Sabiri aliuza shamba la minazi aliloachiwa na baba yake. Tunachokataa ni kuambiwa kwamba mtu aliyefuata desturi ya usalama ndiye aliyejiunguzia gari. Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha.

Kuna waliokwisha kuninong'oneza kwamba daraja linakuja, kivuko kitasahaulika. Lije, tutalishangilia. Lakini Sabiri hawezi kubeba abiria kwa daraja, anahitaji gari.

Kwa hiyo shukrani yangu nitaitoa kwa namna yangu. Gari moja nimelileta, nimeliegesha nyuma ya ukumbi, nalo ni langu. Lirudishieni programu yenu sasa hivi. Kisha twende Pangani sote, Mheshimiwa, Shehe, Mchungaji, na wenye kamera zao. Mchana huu maji yanakupwa. Kivukoni tutashuka sote kama ilivyo desturi, na Ndugu Alexander atabaki kwenye usukani peke yake, alipandishe. Likivuka salama, nitaikubali programu hii kwa niaba ya wamiliki wote, na pilau ya kuipongeza kampuni nitaipika kwa gharama yangu. Lakini akisita, basi hicho kinachomfanya asite ndicho kilichounguza gari la Sabiri, na hapo atuambie, mbele yako Mheshimiwa, Sabiri anapewa lini gari lake.

Nakushukuru Mgeni Rasmi kwa uvumilivu wako, na ninyi nyote mlionipa masikio yenu mpaka hapa, asanteni sana.

Ndugu Alexander, ufunguo huu hapa. Wenzangu, mpisheni apite.