Sumaku, Kiungo wa Timu ya Taifa

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi mdogo wake nisimulie maisha ya dada yetu, ambaye nyumbani tulimwita Dada Mkubwa na viwanjani akaitwa Sumaku, kwa kuwa mpira ukishamgusa mguuni ulikuwa hautaki kuondoka.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, kifungua mimba wa baba fundi cherehani na mama mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1986, akamaliza sekondari 1997, darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila jioni ungemkuta nyuma ya karakana ya mabasi, msichana peke yake kati ya wavulana, jambo lililomkera baba hata akavificha viatu vyake chini ya marobota ya vitambaa, naye akacheza pekupeku.

Mwaka 1999 aliitwa timu ya taifa, na 2002 akasajiliwa ng'ambo, akaishi chumba kimoja juu ya duka la mikate, asubuhi akipanga mikate kwenye rafu, jioni akiwa mazoezini, na kila taifa lilipomwita alikuja.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2007 na fundi wa magari, wakajaliwa binti mwaka 2008 na mvulana 2013. Alipojifungua binti, kocha alisema mzazi hana mbio tena, naye hakubishana, alirudi uwanjani, shemeji yetu akimbembeleza mtoto kando ya mstari, na mwaka uliofuata akavaa kitambaa cha unahodha.

Tarehe 20 Novemba 2010, katika nusu fainali, penalti ya mwisho ilikuwa yake, akaipaisha juu ya mwamba, na timu ilipotua nyumbani waliokuja kuipokea walikuwa wa kuhesabika, lakini baba, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanjani kumtazama, alikuwepo, amevaa shati lake la kutokea, akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, anayekosa ni aliyethubutu kupiga. Twende nyumbani." Dada alitueleza kwamba machozi yalimtoka hapo, wala si uwanjani. Toka siku hiyo baba hakukosa mechi yake ya nyumbani hata moja, mpaka dada alipostaafu mwaka 2014 na kuanza kufundisha wasichana.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akawa mtu wa kusafishwa damu, na hata wodini, akiwaona wauguzi wanagongana na vitoroli, aliwaambia watawanyike, wafungue nafasi. Alituacha Jumanne tarehe 4 Juni 2024 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto wawili, wazazi na wadogo zake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika na kukesha nasi, wachezaji wenzake waliokuja kutoka mbali, na mabinti aliowafundisha, waliobeba jeneza na kukataa kupokewa.

Dada Mkubwa, umekimbia vya kutosha. Keti sasa, upumzike kwa amani, kukaba tutakaba sisi.